Mafiga, Farasi na Mjukuu Wetu: Siku Moja Kando ya Msitu wa Ngong Road



Simu ya binti yetu ilitufikia Lamu usiku, baada ya swala ya Isha, tukiwa bado hatujavua kilemba. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za jamaa, alieleza haja yake. Madrasa anayosoma mjukuu wetu huko Nairobi ilikuwa imepanga kuwatembeza watoto katika likizo ya Aprili. Watatoka asubuhi, watapika wenyewe kwa kuni, watapanda farasi, na kabla ya Magharibi watakuwa wamerudi. Baba wa mtoto, ambaye yuko kazini Doha, ameridhia kwa sharti moja tu, kwamba babu awepo.

"Na huyo farasi atapandwa na nani?" tukauliza.

"Na watoto, Baba."

"Wa kiume?"

Akanyamaza kidogo. "Watoto wote, Baba. Wewe njoo tu, inshaallah utaona mwenyewe."

Tulikubali safari, na hatufichi kwamba tulikubali tukiwa tumeshaweka nia. Mtoto atapika, atacheza, ataswali na wenzake, lakini farasi tutamzuia, kwa upole na kwa hoja. Mjukuu wetu ana miaka tisa. Tulipanda basi hadi Mombasa na treni hadi Nairobi, na njia nzima tulikuwa tukizipanga hizo hoja kichwani.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Walimu waliiepuka Jumapili kwa makusudi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya mashindano katika uwanja wa farasi wa barabara ya Ngong, na pamoja na mashindano hayo huja kamari. Jambo hilo lilitupendeza, tukaona kwamba walimu hawa wana macho.

Watoto walikusanyika nje ya Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, wakati minara yake miwili na makuba yake matatu ya rangi ya fedha yalikuwa ndiyo kwanza yanapata jua. Walikuwa thelathini na watatu, wasichana wengi kuliko wavulana. Wapo waliotoka Pangani na Eastleigh, wapo wa South C, na walikuwapo watoto sita wa Kinubi kutoka Kibera. Akina mama walikuwa kumi na mmoja, na mabeseni, na majamvi, na sufuria mbili ambazo mtoto wa miaka mitano angeweza kuoga ndani yake. Mjukuu wetu alitubusu mkono, akasema, "Shikamoo Babu," kisha bila kupumua, "Babu, unajua farasi hulala amesimama?" Tukamwambia marahaba, na kwamba tunajua. Mama yake alikuwa akihesabu sahani, hakugeuka.

Basi lilifuata Kenyatta Avenue, likapanda Valley Road, likaingia barabara ya Ngong. Kwa mtu wa pwani barabara hii ni ya kustaajabisha, kwa kuwa jiji halimalizwi kwa kiambaza wala kwa bahari. Unapita Adams Arcade, unapita Dagoretti Corner na msongamano wake wa matatu na mafundi wa vitanda, kisha ghafla mkono wa kushoto unaona majani mapana na uzio mweupe wa uwanja wa farasi, na baada yake miti. Ule ndio msitu wa Ngong Road, uliotangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Tangu hapo umekatwa pande nyingi kwa barabara na majengo, na uliobaki ni takriban hekta 1,200. Upande wa mashariki umepakana na Kibera, mahali walipokaa askari wa Kinubi na familia zao tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtoto mmoja wa Kinubi alituambia kwamba nyumbani kwao miti ya msitu huu huonekana kila siku, ila yeye hajapata kuuingia. Tulilifikiria neno hilo kitambo.

Watoto waliuliza kwa nini Nairobi kuna farasi na Lamu hakuna. Swali zuri. Farasi ni mnyama anayedhoofishwa upesi na ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o, na nyika iliyo kati ya pwani na bara ilikuwa na mbung'o tele. Misafara ya zamani ilibebwa na vichwa na mabega ya watu, kwa kuwa mnyama wa mizigo hakufika mbali. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 mambo yakabadilika, na hali ya huku juu, yenye baridi na isiyo na mbung'o wengi, ikawafaa farasi. Sisi wa Lamu tulibaki na punda wetu, na hatuwaonei haya.

Mahali tulipofikia ni kambi ya vijana ukingoni mwa msitu, yenye uwanja wa majani, choo safi, mfereji wa maji, na sehemu maalumu iliyolimwa nyasi kwa ajili ya moto. Kuni tulizinunua na kuja nazo, kwa sababu msitu wa serikali hauokotwi kuni bila ruhusa. Mvua ya usiku ilikuwa imetulia, lakini ardhi ilikuwa imelowa, na nusu ya kuni zililowa pia kwenye mkeka wa juu ya basi. Hapo ndipo siku ilipoanza kweli.

Walimu waliwagawa watoto makundi manne, wavulana kwa wasichana mbalimbali, na kila kundi likapewa mawe matatu. Mtoto mmoja wa kiume, aliyekulia ghorofani, aliuliza mawe haya ni ya nini. Hakujua mafiga! Amekula wali maisha yake yote na hakuwahi kuona moto wa kuni ukishika chini ya sufuria. Hatukumcheka. Tulimwonyesha jinsi ya kuyapanga, mdomo wa jiko ukielekea upepo unakotoka, na jinsi ya kuanza na vijiti vyembamba kama kalamu, kisha vya unene wa kidole, na mwisho magogo. Wavulana wa kundi la pili walitia magogo kwanza wakapata moshi mwingi na machozi. Wasichana wa kundi la tatu walichonga maganda makavu kutoka ndani ya gogo lililolowa nje, wakawasha kwa kiberiti kimoja. Waliopata moto wakawagawia makaa waliokosa.

Mama mmoja, mwenyeji wa Old Town, Mombasa, alitunong'oneza kwamba mwanawe wa kiume hajawahi kushika upawa na baba yake hapendi. Tulimkumbusha kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya sira, kwamba masahaba walikuwa safarini wakataka kuchinja na kupika. Mmoja akasema atachinja, mwingine atachuna, mwingine atapika, na Mtume (s.a.w.) akachukua kazi ya kukusanya kuni. Wanazuoni wa hadithi hawakuipa sanadi yake nguvu, na ni haki tuliseme hilo. Lakini kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, hilo limethibiti kwa Bibi Aisha (r.a.) wala halina mjadala. Yule mama alicheka, akamwita mwanawe aje apepee.

Pilau ndiyo iliyotufundisha adabu. Vitunguu vilikaangwa vikaiva vizuri, nyama ikatokota, viungo vikanukia hadi kima wakashuka kwenye matawi kutazama. Mchele ukatiwa kwa kipimo kilekile cha nyumbani Lamu. Muda ukapita, maji yakakauka, na mchele ukabaki na kiini kigumu. Akina mama wa pwani wakatazamana. Binti yetu, ambaye amekaa Nairobi mwaka wa tisa sasa, akaeleza bila kujivuna. Hapa tuko juu ya bahari kiasi cha mita 1,800. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajapata moto wa kutosha, digrii moja hivi kwa kila mita 300. Maji ya Lamu huchemka kwa digrii 100, ya hapa kwa 94. Yanatokota mbele ya macho yako na bado hayana nguvu ya kule. Kwa hiyo huongezwa maji na huongezwa subira, na maharage hulowekwa tangu usiku.

Tulikuwa tumekaa pale na elimu yetu yote, na hilo hatukulijua.

Wakaongeza maji ya moto kidogo kidogo, wakafunika, kisha wakafanya jambo ambalo bibi zetu wangelitambua mara moja. Waliupunguza moto wa chini, wakapalia makaa juu ya mfuniko. Kila mtoto alipewa zamu ya kuweka kaa moja kwa koleo. Mjukuu wetu aliliweka la kwake kwa uangalifu kama anayeweka yai. Walipofunua, punje zilikuwa zimesimama moja moja. Kwa wale ambao subira iliwashinda, walimu waliwapa madonge ya unga uliokandwa, wakayazungushia kwenye fimbo na kuyaoka juu ya makaa. Mengi yaliungua nje na kubaki mabichi ndani, na yakaliwa yote.

Tuliswali Adhuhuri kwenye majamvi chini ya mihugu. Maji ya wudhu yalikuwa baridi kiasi cha kumzindua aliyelala. Baada ya swala ndipo farasi walipoletwa.

Walikuwa watano, kutoka mazizi ya jirani, na pamoja nao masaisi watatu na mwalimu wa kike, kijana mwenye sauti ya utulivu. Kwanza aliwakusanya watoto akawaeleza tabia ya mnyama. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja wala kilicho karibu kabisa na paji lake. Usimwendee kwa nyuma. Njoo kwa ubavuni, zungumza, mpe kiganja anuse. Akilaza masikio nyuma, amekasirika, mwache. Ana uzito wa kilo 400 au 500, lakini ni mwoga, na mfuko wa nailoni ukipeperuka unaweza kumtia mbio.

Kisha yakaja mambo ya mavazi, na hapa tunawaomba akina mama wasome kwa makini. Ushungi wa pini haufai chini ya kofia ngumu, kwa kuwa pini huweza kumchoma mtoto kichwani akianguka. Unaofaa ni ule wa kuvaa moja kwa moja, unaobana vizuri bila pini, na kofia ikafungwa juu yake. Buibui refu huweza kunasa kwenye rikabu, na likipeperuka humtisha farasi, hivyo suruali pana chini ya kanzu inayokomea magotini husitiri na husalimisha. Makubadhi hayafai, bali viatu vya kufunika vyenye kisigino kidogo, ili mguu usipenye rikabu. Binti yetu alikuwa ameyaandaa haya yote kwa mwanawe tangu nyumbani. Tuliliona hilo, tukajifanya hatukuliona.

Wavulana walipanda kwanza. Ilipofika zamu ya wasichana, mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma. Mwingine akasema yeye haoni ubaya. Wa tatu akauliza saisi ni mwanamume, je, atamshika mtoto? Mwalimu akaonyesha ngazi ya mbao: msichana hupanda mwenyewe kwa ngazi, naye mwalimu husimama ubavuni, saisi hushika hatamu tu. Maneno hayakuisha. Mwishowe yule mama wa Old Town akatugeukia.

"Sheikh, wewe ndiwe mkubwa wetu hapa. Unasemaje?"

Watu wote wakanyamaza. Mjukuu wetu alikuwa amesimama na kofia mkononi. Mama yake alikuwa nyuma yake, na alikuwa akitutazama kwa namna ambayo tuliwahi kuiona mara moja tu.

Miaka ishirini na zaidi iliyopita, Lamu, siku za Maulidi, mbio za punda zilipokuwa zimekwisha na watoto wa kiume wakizungukazunguka ufukoni, binti yetu alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alituomba apande punda wetu wenyewe, aliyemlisha kwa mkono wake kila asubuhi, toka kwenye gati hadi nyumbani. Tulikuwa tumekaa na wenzetu barazani. Tulimkemea mbele yao kwa sauti. Hatukumpa aya wala hadithi, kwa sababu hatukuwa nayo. Tuliogopa midomo ya watu, tukaivisha hofu yetu kilemba cha dini. Tangu siku hiyo hakuomba tena, si punda, si safari ya shule, si chochote. Alikuwa mtoto mtiifu, na sisi tulijisifia utiifu huo.

Basi yale tuliyowajibu akina mama tulikuwa tunayajua siku ileile. Qur'ani, katika Sura an-Nahl, imewataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo, na haikusema wapandwe na nani. Sura al-Adiyat yote imefunguliwa kwa kiapo cha farasi waendao mbio. Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ni wabora wa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao kwa watoto. Na Abu Daud amepokea kwamba alimkuta Bibi Aisha ana vijisanamu vya kuchezea, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipomuuliza farasi ana mbawa vipi, naye akajibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nazo, Mtume alicheka mpaka magego yake yakaonekana. Ama ule usemi maarufu wa kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi, wengi huunasibisha na Mtume, ilhali unaojulikana zaidi ni kwamba umetoka kwa Sayyidna Umar (r.a.).

Tulisema pia kwamba si kila farasi ni kheri. Hadithi imewagawa farasi mafungu matatu: wa kumpatia mtu ujira, wa kumsitiri, na wa kumbebesha dhambi. Wanaochezewa kamari, kama inavyofanyika pale uwanjani tulipopita, hatuwezi kuwatia katika mafungu mawili ya kwanza. Kosa hapo ni la wenye kucheza kamari. Mnyama hana hatia. Bibi Ummu Haram bint Milhan (r.a.), aliyevuka bahari hadi Saiprasi kisha akaanguka kutoka kwenye mnyama wake na kufariki, tulimkumbuka pia, lakini tuliona si saa yake kutajwa mbele ya akina mama wenye hofu.

Kisha tukasema, "Apande anayetaka, na asiyetaka asilazimishwe. Sitara ipo, mwalimu yupo. Hatuoni kizuizi." Yule mama aliyemvuta mwanawe hakumwachia, na hiyo ni haki yake, mtoto alipewa kazi ya kumlisha farasi karoti na akaridhika.

Mjukuu wetu alipandishwa farasi wa hudhurungi mwenye baka jeupe usoni. Mzunguko wa kwanza alikuwa amekakamaa kama mlingoti, mikono yote miwili imeng'ang'ania tandiko. Katika mzunguko wa pili kima mmoja aliruka tawini, farasi akashtuka akaenda ubavu hatua tatu, mtoto akateleza upande mmoja. Tulisikia moyo wetu ukidunda masikioni. Saisi aliivuta hatamu chini, akamsemesha mnyama, mwalimu akamsimamisha mtoto sawa. Tulikuwa tumeshafungua mdomo kusema ateremshwe. Yeye akatuwahi: "Babu, bado mzunguko mmoja!" Tukaufunga.

Walipomaliza watoto wote, mwalimu aliuliza kama yupo mama anayependa kujaribu. Vikazuka vicheko na kusukumana. Binti yetu hakucheka. Alitupa mkoba wake tuushike. Hakuomba ruhusa, wala hakuwa na haja ya kuomba, kwani ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Tukaona kwamba chini ya baibui lake, alilolivua na kulikunja juu ya jamvi, alikuwa amevaa kanzu ya kukomea magotini na suruali pana, na viatu vya kisigino kidogo. Kumbe alijiandaa tangu nyumbani, na hakumwambia mtu.

Tulitaka kumwomba radhi pale pale. Tulilolipata kinywani ni hili: "Ifunge vizuri kamba ya kofia, mwanangu."

"Nimeifunga, Baba."

Alizunguka mara moja, polepole, mgongo umenyooka, mjukuu wetu akimfuata kando akimfundisha kama mtu mwenye uzoefu wa miaka. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa vilima vya Ngong. Aliposhuka alichukua mkoba wake, akauliza kama pilau iliyobaki imefunikwa.

Moto tuliuzima kwa maji, tukachokoa majivu, tukatia maji tena mpaka mtoto aliyeweka kiganja juu yake asisikie joto. Mtume (s.a.w.) ametuusia tusiuache moto ukiwaka tunapolala, na msituni ni hivyo hivyo. Mawe yalirudishwa yalikotolewa. Mvua ilitukuta Dagoretti Corner, na watoto wengi walikuwa wamekwisha kulala.

Usiku, baada ya Isha, tukiwa nyumbani kwa binti yetu, tulimwambia lile la barazani, siku zile za Maulidi. Alisema amelisahau. Tukamwambia sisi hatukulisahau, na tukamwomba atusamehe. Alikaa kimya akikunja majamvi, kisha akauliza kama yule punda alikuwa na jina, kwa sababu mtoto anataka kujua.

Tulikuwa tumelisahau jina lake. Yeye akalitaja.